Umefuta? Tulia Kwanza: Mwongozo kwa Wenye Vidole Vyepesi

Mtu akigundua kwamba amefuta barua pepe ya maana, hufanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: anaguta, anabonyeza kila kinachobonyezeka, kisha anazima kompyuta na kuiwasha upya, akiamini kwamba ikipumzika kidogo itaamka imekumbuka. Kuguta hakuna madhara. Guta hadi jirani achungulie dirishani. Hayo mawili mengine ndiyo yanayowaponza watu, kwa sababu barua iliyofutwa mara nyingi ipo bado. Imehamishwa, imefichwa au imewekewa alama, na inamsubiri mtu wa kuitafuta kwa utaratibu kabla muda wake haujakwisha.

Wengi wetu tunaidharau barua pepe kwa namna ambayo hatuthubutu kuidharau hata risiti ya umeme. Mkataba wa kazi, barua ya udahili wa chuo, tiketi ya ndege, majibu ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu, picha za harusi zilizotumwa na shangazi aliyeko Muscat: vyote hivyo vimerundikwa katika kikasha kimoja kisicho na nakala, kinachofunguliwa kwa neno la siri alilolibuni fundi simu siku ulipomnunulia mama simu mpya na wewe ukajinunulia yako. Mwongozo huu utakusimanga, na kila simango lina makusudio yake. Ukifika mwisho utajua pa kutafuta kilichopotea, na utajua namna ya kujiwekea akiba ili siku nyingine kidole kikiteleza usipoteze kitu.

Hatua ya kwanza: Toa mkono

Ondoa kidole kwenye kioo cha simu. Ondoa mkono kwenye kipanya. Sasa tazama chini ya skrini. Ukifuta ujumbe katika Gmail, hujitokeza ukanda mdogo unaosema ujumbe umehamishiwa kwenye Tupio, na pembeni yake kuna neno Tendua. Ukilibonyeza, barua inarudi pale pale ilipokuwa, na habari imekwisha. Ukanda huo hukaa sekunde chache tu. Hizo ndizo sekunde ambazo mwenzetu mwenye hofu huzitumia kumwita mke wake aje aone maajabu.

Kama barua zako unazisoma kwa programu iliyomo ndani ya kompyuta, kwa mfano Thunderbird au Outlook, toa mkono kwa bidii zaidi. Usifute kingine, usisakinishe programu yoyote, na ukiulizwa na programu kama ungependa ikuokolee nafasi ya diski, kataa. Sababu nitaieleza katika hatua ya tano, na ukishaisoma utashukuru kwamba ulikataa.

Hatua ya pili: Hakikisha imefutwa kweli

Hapa ndipo wanapookoka wengi, na hapa ndipo pia wanapoaibika, maana barua waliyoililia haikuwahi kufutwa.

Kwenye programu ya Gmail ya simu za Android, mpangilio wa kawaida ni kwamba ukitelezesha ujumbe kwa kidole, kulia au kushoto, ujumbe unahifadhiwa kwenye kumbukumbu. Unatoka kwenye Kikasha, lakini unabaki ndani ya folda ya Barua Pepe Zote bila kikomo cha muda. Mtu anatelezesha, ujumbe unatoweka machoni pake, anatangaza msiba. Fungua Barua Pepe Zote kabla hujatangaza chochote.

Pili, sanduku la kutafutia la Gmail lina tabia ambayo wachache wanaijua: ukitafuta kwa kawaida, halichungulii ndani ya Tupio wala ndani ya Taka. Ukitaka lipekue kila kona, andika in:anywhere kabla ya neno unalolitafuta. Ukikumbuka barua ilitoka kwa nani, ongeza from: na jina lake. Ukikumbuka ilikuwa na kiambatisho, ongeza has:attachment. Ukikumbuka ilikuja kabla ya Juni 2023, ongeza before:2023/06/01. Amri hizi zinaandikwa hivi hivi, nukta mbili zikiwa zimeshikana na neno. Aliyezijua anapata barua yake kwa nusu dakika, wakati mwenzake anashusha kidole kwenye skrini kuanzia barua za leo hadi za enzi za mwajiri wake wa kwanza, akipitia matangazo yote ya punguzo la bei njiani.

Tatu, tazama vichujio na usambazaji katika mipangilio. Kichujio ni amri inayosema, kwa mfano, kila barua yenye neno fulani ipelekwe moja kwa moja kwenye Tupio. Huenda uliiweka mwenyewe ulipochoshwa na matangazo, ukaisahau. Huenda pia aliiweka mtu aliyekuibia neno la siri, kwa sababu wezi wa akaunti hupenda kuzificha barua za benki ili mwenye akaunti asishtuke mapema. Ukikuta kichujio usichokijua, au ukikuta barua zako zinasambazwa kwa anwani usiyoifahamu, suala limekuwa la usalama. Badilisha neno la siri hapo hapo, toa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo urudi kwenye msako.

Hatua ya tatu: Tupio lina saa

Kama kweli umefuta, barua ipo kwenye Tupio, na Tupio la Gmail linahesabu siku 30 tangu ulipofuta. Ndani ya siku hizo unaingia, unaichagua barua, unaihamishia Kikashani, unaendelea na maisha. Zikipita, mfumo unaifuta kabisa bila kukuuliza. Folda ya Taka nayo ina siku 30 zake. Huduma nyingine zina hesabu zao, kwa hiyo soma ya kwako leo, kabla hujaihitaji.

Kuna makundi mawili ya watu wanaonisikitisha hapa. La kwanza ni la wanaolifanya Tupio kuwa kabati. Wanatupa humo barua wanazozihitaji kwa sababu wanapenda Kikasha chao kiwe cheupe, na kila wakitaka kitu wanaingia Tupioni kukichukua. Wanaishi hivyo kwa raha hadi siku ya 31.

La pili ni la wasafi. Hawa kila jioni wanamwaga Tupio lote ili simu iwe nyepesi. Simu haipati wepesi wa maana kwa kazi hiyo, kwa sababu barua zimekaa kwenye seva za Google na simu inaonyesha sehemu tu. Nafasi inayojaa ni GB 15 za bure ambazo Google humpa kila mwenye akaunti, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua, Hifadhi ya Google na Picha. Tangu tarehe 1 Juni 2021 karibu kila picha mpya unayoipakia inahesabiwa humo. Ikijaa, barua mpya zinakataliwa mlangoni na kurudishwa kwa waliozituma, pamoja na ile ya kukuita kwenye usaili. Kwa hiyo nafasi lazima uilinde, ila uilinde kwa akili. Andika larger:10M kwenye sanduku la kutafutia, utaziona barua zote zinazozidi megabaiti 10. Pakua viambatisho unavyovitaka, kisha futa hizo. Barua chache za namna hiyo zinatoa nafasi kubwa kuliko maelfu ya barua fupi unazozifuta kila jioni, na katika maelfu hayo ndimo unamoitupa ile moja utakayoilia.

Hatua ya nne: Uliza watu

Tupio limekwisha kumwagwa. Sasa meza aibu na uombe msaada, maana barua pepe haijawahi kuwa na ncha moja. Aliyekutumia anayo katika folda yake ya Zilizotumwa. Waliowekwa kwenye nakala wanayo kila mmoja kwenye kikasha chake. Ni ajabu jinsi mtu anavyokuwa tayari kumlipa fundi pesa kabla ya kumwandikia aliyemtumia maneno haya: "Habari za kazi, dada. Barua yako ya tarehe 4 yenye mkataba imenipotea. Naomba unitumie tena pamoja na kiambatisho chake. Samahani kwa usumbufu." Sentensi nne, bila malipo, na zinafanya kazi kuliko programu nyingi zinazouzwa mtandaoni.

Kama ni barua ya ofisini, mwone anayesimamia mfumo. Ofisi zinazotumia Exchange ya Microsoft mtandaoni zina sehemu iliyofichika ambako ujumbe hukaa hata baada ya kutolewa kwenye folda ya vilivyofutwa. Muda wa kawaida ni siku 14, na msimamizi anaweza kuuongeza hadi 30. Katika Outlook mwenyewe unaweza kuifikia sehemu hiyo: ingia kwenye folda ya vilivyofutwa, tafuta kiungo cha kurejesha vilivyoondolewa humo. Ofisi zinazotumia Google Workspace zina nafasi nyingine: msimamizi anaweza kurejesha barua ndani ya siku 25 tangu ilipotoka kabisa kwenye Tupio.

Ukienda kwa huyo msimamizi, nenda na taarifa. "Kaka, imeili yangu imepotea" haimsaidii kitu. Ameshaisikia mara nyingi na kila mara humlazimu aanze kukuhoji. Mwambie barua ilitoka kwa nani, ilihusu nini, ilikuja lini, na uliifuta lini. Nenda siku hiyo hiyo. Anayekwenda baada ya miezi miwili akiwa na uso wa huzuni atapata pole, na pole tu.

Kwa akaunti binafsi ya Gmail, Google ina njia ya kuomba kurejeshewa barua, hasa pale akaunti ilipoingiliwa na mtu akazifuta bila idhini yako. Ijaribu mapema, na usijenge matumaini yote juu yake.

Hatua ya tano: Chimba ndani ya kompyuta

Hatua hii ni kwa wanaotumia programu inayohifadhi barua kwenye diski, na nitaikalia kwa muda kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kufuta ni kitu gani hasa.

Thunderbird, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi kila folda ya barua katika faili moja refu la maandishi. Mtindo huo unaitwa mbox. Barua zimepangwa humo moja chini ya nyingine, na kila moja inaanza kwa mstari wenye neno From likifuatiwa na nafasi. Pembeni yake kuna faili dogo lenye jina lilelile na mwisho wa .msf, ambalo kazi yake ni kuwa orodha. Unapofuta barua, Thunderbird haiendi kukata maandishi katikati ya lile faili refu. Inabadilisha tarakimu moja. Juu ya kila barua kuna mstari unaosomeka X-Mozilla-Status, na mbele yake tarakimu nne. Barua uliyoisoma ina 0001. Ukiifuta inakuwa 0009: 1 ya kusomwa, jumlisha 8 ya kufutwa. Programu ikiona 8 hiyo inaificha barua isionekane. Maandishi yake yote, salamu hadi kiambatisho, yamebaki palepale kwenye faili.

Basi ukiwahi, fanya hivi. Funga Thunderbird kabisa. Fungua folda ya wasifu wako. Njia yake utaiona kupitia menyu ya msaada, kwenye taarifa za utatuzi wa matatizo, kabla hujafunga. Nakili faili la folda husika uliweke mahali pengine, na ufanyie kazi ile nakala, usiguse faili asilia. Ifungue nakala kwa kihariri cha maandishi kinachomudu mafaili makubwa. Tafuta 0009, na kwa barua unayoitaka andika 0001 badala yake. Hifadhi. Kisha ipe nakala jina jipya, kwa mfano Zilizookolewa, uiweke ndani ya folda ya Local Folders bila kuwa na faili la .msf. Ukifungua Thunderbird itaiona kama folda mpya, itajitengenezea orodha upya, na barua yako itakuwa humo.

Njia hii ina adui mmoja, naye ni kitendo kinachoitwa Compact. Hicho ndicho Thunderbird inachokuomba ruhusa inaposema inaweza kukuokolea nafasi ya diski. Ukikubali, inaliandika upya faili zima na kuziacha nje barua zote zenye 8. Baada ya hapo hakuna tarakimu ya kubadilisha. Ndiyo maana nilikuambia ukatae.

Kama faili lenyewe ndilo lililofutwa, bado kuna tumaini, ila linategemea aina ya diski. Kwenye diski ya kuzunguka ya zamani, faili likifutwa nafasi yake huandikwa tu kuwa ni wazi, na data hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za bure kama PhotoRec na TestDisk zinaweza kuifukua, mradi uziendeshe kutoka kwenye flashi na uandike matokeo kwenye diski nyingine. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, habari ni tofauti: mfumo wa uendeshaji huiambia diski ni sehemu zipi hazihitajiki tena, na diski huzisafisha yenyewe, mara nyingi muda mfupi tu baadaye. Laptopu nyingi za leo zina SSD. Wepesi wake unaousifia kila asubuhi ndio huo huo unaofuta haraka.

Hatua ya sita: Mkimbie mwokozi wa mtandaoni

Ukiandika popote kwamba umepoteza akaunti au barua, watajitokeza watu wakarimu wanaomfahamu mtaalamu anayerejesha kila kitu ndani ya saa moja kwa malipo ya awali. Hakuna mtaalamu huyo. Barua ikishafutwa kabisa kwenye seva za Google au Microsoft, mtu aliye nje hana mlango wa kuingilia. Anachokitaka ni pesa yako, au tarakimu utakazotumiwa kwa ujumbe mfupi, ambazo kwazo ataichukua akaunti nzima na kuanza kuwaomba mkopo jamaa zako. Tarakimu hizo haziulizwi na fundi wa kweli, wala na kampuni ya simu, wala na Google. Anayeziomba ni mwizi, hata akikuita mpendwa.

Hatua ya saba: Weka akiba kabla ya kilio

Tuzungumze sasa kuhusu barua zilizopona, maana zote ziliponea njia moja.

Novemba 1986, kashfa ya kisiasa iitwayo Iran-Contra ilipofumuka Marekani, Oliver North na bosi wake John Poindexter wa Baraza la Usalama la Taifa walifuta maelfu ya ujumbe kwenye mfumo wa ndani wa barua uliotumika White House, uliojulikana kama PROFS. Walidhani kufuta ni kufuta. Mfumo ulikuwa na kanda za akiba, na wachunguzi wakazisoma barua hizo. Miaka 24 baadaye, tarehe 27 Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail waliamka wakakuta vikasha vyao vitupu. Walikuwa kiasi cha asilimia 0.02 ya watumiaji wote, na chanzo kilikuwa kasoro katika toleo jipya la programu ya uhifadhi. Google ilikuwa na nakala za barua hizo katika vituo zaidi ya kimoja, lakini kasoro ilizifikia nakala kadhaa kwa mpigo, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa. Zilizookoa hali ni kanda za sumaku zilizokuwa zimewekwa nje ya mtandao. Kampuni yenye seva dunia nzima iliokolewa na kanda iliyotulia kwenye rafu bila kuunganishwa na kitu.

Funzo lake ni zito: nakala iliyounganishwa na asilia huharibika pamoja nayo. Watu husema, "Barua zangu zipo kwenye simu, kwenye laptopu na kwenye tableti, kwa hiyo nina bakapu tatu." Huna hata moja. Vifaa vyako vinatumia njia iitwayo IMAP, ambayo Mark Crispin aliibuni pale Stanford mwaka 1986, na kazi yake ni kuvifanya vifaa vyote vionyeshe hali ileile ya seva. IMAP ni kioo. Ukinyoa upara, kila kioo ndani ya nyumba kitakuonyesha upara. Ukifuta kwenye simu, laptopu inafuta na tableti inafuta, kwa utiifu mkubwa.

Nakala ya kweli inatengenezwa hivi.

Ukiwa na Gmail, nenda takeout.google.com, huduma ambayo Google iliianzisha mwaka 2011 ili mtu aweze kuchukua data zake. Ondoa alama kwenye kila kitu, kisha chagua Barua peke yake. Omba ifungwe katika mafaili ya ukubwa unaoumudu. Utasubiri, saa kadhaa au zaidi kama barua ni nyingi, kisha utatumiwa kiungo cha kupakua. Kiungo hicho hudumu kiasi cha wiki moja tu, kwa hiyo usikiache hadi mwisho wa mwezi utakaponunua bando. Pakua usiku bei inaposhuka, au mahali penye Wi-Fi ya uhakika, maana GB kadhaa si mchezo. Ndani yake utakuta faili la mbox, lile lile la hatua ya tano, linalosomeka kwa Thunderbird ukiiongezea kiendelezi cha ImportExportTools NG.

Ukitaka nakala ya kila mwezi, unganisha Gmail na Thunderbird, tengeneza folda ndani ya Local Folders, na unakili barua zako humo. Chagua kunakili, ukichagua kuhamisha utaziondoa kwenye seva na utakuwa umebakiwa na nakala moja tena. Wanaotumia Outlook ya kwenye kompyuta watoe faili la .pst. Kama bado unalo la zamani, la mtindo uliotumika kabla ya Outlook 2003, kumbuka kikomo chake ni GB 2, na likikaribia hapo huanza kuharibika. Lihamishie kwenye mtindo mpya.

Weka nakala wapi? Kanuni aliyoieneza mpiga picha Peter Krogh inatosha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni barua zenyewe kwenye seva, faili moja kwenye diski ya nje iliyochomolewa na kufungiwa kabatini, na nyingine kwa ndugu unayemwamini mji mwingine. Kwa sababu mafaili hayo yana maisha yako yote, yafunge kwa neno la siri kabla ya kuyasafirisha. Flashi hupotea kwenye daladala kila siku.

Kisha ifungue. Chukua nakala, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, tafuta barua ya mwaka juzi, fungua kiambatisho chake. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitishwa, na mahali pabaya pa kuithibitishia ni mbele ya ofisa wa benki.

Usijiridhishe na picha ya skrini. Barua halisi ina vichwa vyake: mistari ya Received inayoonyesha seva zilizopitiwa na saa, na Message-ID inayoitambulisha barua hiyo peke yake. Picha ya skrini haina hata kimoja. Tanzania inapokea ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na Kenya ina kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Sheria zote mbili zinajali jinsi kumbukumbu ilivyotunzwa. Mgogoro wa kiwanja au mkataba ukifika huko, faili la mbox lina uzito ambao picha iliyokatwa pembeni haina.

Hatua ya nane: Linda lango

Barua zote zinaweza kuwa salama na wewe ukafungiwa nje. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, pamoja na kila kilichomo. Ile akaunti ya zamani yenye vyeti vyako vya chuo, ingia ndani yake leo.

Angalia namba ya simu ya urejeshaji. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine, ambaye atakuwa anapokea tarakimu zako bila kujua ni za nini. Weka namba unayoitumia sasa, na anwani ya pili ya barua pepe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa, kila moja ikitumika mara moja tu. Ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kama akaunti ilifunguliwa na fundi simu, badilisha neno la siri sasa hivi. Yeye mwenyewe alishalisahau, na ukienda kumuuliza atakushauri ufungue akaunti nyingine.

Barua binafsi zisikae kwenye akaunti ya ofisi. Ajira ikikoma, akaunti inafungwa, na ikishafutwa kwenye Google Workspace msimamizi ana siku 20 tu za kuirudisha. Siku hizo huwa hazitoshi kwa watu walioachana kwa maneno makali.

Neno la mwisho

Wahenga walisema akiba haiozi, na barua pepe ni mali kama mali nyingine. Kwa wengi wetu ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya ajira, masomo, mikataba na mazungumzo na watu ambao hawapo tena. Mashine haina nia mbaya na wewe. Inakupa sekunde kadhaa za kutendua, siku 30 za Tupio, wiki chache za msimamizi, na baada ya hapo inatii amri uliyoipa. Muda wote huo ukipita, kitakachobaki ni kile ulichokiweka mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, usiifunge siku ya leo bila kuomba nakala ya barua zako. Kuomba kwenyewe kunachukua dakika tano. Ukimaliza, mkalishe mzazi wako chini, chukua simu yake, na umfanyie na yeye.